Taka za Desemba kwenye jengo la ghorofa: njia nne za kuzipunguza, na ipi inafaa jengo lipi

Desemba inaikuta Dar es Salaam kwenye joto kali, mvua za vuli bado hazijamaliza kunyesha na msimu wa maembe umekolea. Kwenye jengo la ghorofa mambo hayo yote yanakutana sehemu moja, nayo ni kizimba cha taka. Wageni wamejaa, majiko hayapoi, maganda ya nanasi na kokwa za embe dodo zinarundikana juu ya makombo ya pilau, na gari la taka lililozoeleka kuja mara mbili kwa wiki linaruka zamu moja kwa sababu ya Krismasi na nyingine kwa sababu ya Mwaka Mpya. Asubuhi ya tarehe 26 kunguru wanakuwa wameshachana mifuko na kutawanya mifupa hadi kwenye maegesho ya magari.

Nawaandikia wanakamati wa majengo, wasimamizi na wapangaji wanaotaka kuupunguza mzigo huo mwaka huu lakini wamekwama kwenye kuchagua. Kwenye grupu la jengo kila mtu ana lake. Mmoja amesikia habari za mboji, mwingine ana shemeji anayefuga nguruwe, wa tatu anataka machupa yauzwe na fedha ziingie kwenye mfuko wa jengo. Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba majengo hayafanani, na njia iliyoleta sifa kwa majirani wa mtaa wa pili inaweza kuwaletea ninyi panya.

Kulipia gari la ziada nimekuacha nje ya ulinganisho huu. Kila jengo linahitaji gari, kwa kuwa pampasi na vigae vya glasi zilizovunjika havina pengine pa kwenda. Ila gari halipunguzi taka. Linazitoa uani kwenu na kuzipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako mabaki ya chakula yanafunikwa na taka nyingine, yanaoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 inaipasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kiasi kilekile cha hewa ukaa. Na chakula chenyewe si kidogo. Ripoti ya 2024 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ilikadiria kwamba mwaka 2022 mtu mmoja kwa wastani duniani alitupa kilo 79 za chakula nyumbani kwake. Ukijumlisha kaya zote za ngazi moja, utaona kwa nini kizimba kinafurika.

Tunapima kwa vigezo gani

Cha kwanza, njia inagusa taka zipi. Taka za sikukuu zina mafungu matatu: zinazooza (maganda, makombo, matumbo ya samaki), kavu zenye soko (chupa, makopo, katoni), na zile ambazo hakuna anayezitaka. Njia inayogusa kavu tu itapunguza ukubwa wa rundo, lakini harufu itabaki palepale, kwa sababu uzito na harufu viko kwenye zinazooza.

Cha pili, nani anafanya kazi, na je, atakuwepo kati ya Desemba 23 na Januari 2? Hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, na ndicho kinachosahaulika kwenye vikao. Dar hupungua watu mwisho wa mwaka. Wenye kwao Moshi na Rombo wameshakata tiketi, wa Bukoba wametangulia, dada wa kazi aliomba likizo tangu Oktoba, na mlinzi wa mchana amebadilishana zamu na mtu asiyelijua jengo. Mpango uliosimama juu ya mtu anayepanda basi tarehe 22 unakufa tarehe 23.

Vilivyobaki ni nafasi na fedha, namna njia inavyohimili joto na mvua, na muda wa maandalizi. Kuna njia unayoweza kuianza kesho asubuhi, na kuna njia ambayo ukiianza Desemba 20 umeshachelewa.

Njia ya kwanza: kupunguza kabla mzigo haujapanda ngazi

*Inagusa nini.* Mafungu yote matatu, kwa kuwa kisichoingia ndani hakitoki kama taka. Chukua soda. Wageni wakinywa za chupa za plastiki, kila soda inaacha chupa. Wakinywa kutoka kwenye kreti za vioo, chupa zote 24 zinarudi dukani pamoja na kreti yake na hakuna kinachobaki isipokuwa vizibo. Kaya nne au tano zikiweka oda pamoja, Mangi mwenye duka chini ya jengo anapandisha kreti mwenyewe na kukusanya tupu baadaye. Ninyi mnaacha fedha ya dhamana tu.

Mbuzi naye ni hivyohivyo. Akichinjwa uani, jengo linabaki na damu, utumbo, kinyesi na kwato katika joto la Desemba. Wapangaji wakichangishana, mbuzi akanunuliwa mnadani Pugu na kuchinjwa machinjioni, kinachofika nyumbani ni nyama iliyokwishagawanywa. Kila mtu aende na bakuli lake lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, lakini mifuko mbadala nayo ikiloa damu haitumiki tena, inaishia kizimbani.

Sahani za foamu na vikombe vya kutupa navyo vina mbadala ambao watu wengi hawaufikirii. Wanaokodisha turubai na viti vya sherehe mara nyingi wanakodisha pia sahani, bakuli na glasi. Kwa sherehe ya jengo zima ya mkesha wa Mwaka Mpya, gharama ikigawanywa kwa kaya ni ndogo.

Kisha kuna sufuria yenyewe. Kilo moja ya mchele kwa kawaida inatosha watu wazima saba au nane pale penye nyama, kachumbari na matunda. Wengi tunapika kwa hofu ya kuaibika mbele ya wageni, kisha pilau inalala mezani usiku kucha na kuchacha. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili kwenye joto hili. Kigawanye kwenye vyombo vidogo, kipoe, kiingie kwenye friji. Na kuna desturi tuliyoikuta, ya kupelekeana sahani iliyofunikwa kawa, Mkristo akampelekea jirani Mwislamu siku ya Krismasi na kurudishiwa siku ya Iddi. Ikihamia kwenye ngazi za ghorofa, chakula kinapata walaji kabla hakijawa makombo.

*Nani anafanya.* Kila kaya kwa upande wake, na mtu mmoja wa kukusanya oda. Kazi inafanyika kabla ya tarehe 23, kwa hiyo wanaosafiri hawaivurugi.

*Nafasi na fedha.* Haihitaji nafasi, na mara nyingi inapunguza matumizi. Ugumu uko kwenye dhamana ya kreti, ambayo lazima mkubaliane mapema nani anaishika, na kwenye kuaminiana katika kugawana nyama.

*Joto na mvua.* Hazina cha kuathiri hapa.

*Inamfaa nani.* Jengo ambalo watu wanafahamiana walau kwa majina. Kwenye jengo la wapangaji wa muda mfupi, ambako mtu hajui anayeishi mlango wa pili, ununuzi wa pamoja ni mgumu, lakini kila kaya inaweza kufanya sehemu yake kimyakimya. Udhaifu wake ni kwamba kamati haiwezi kumsimamia mtu jikoni kwake.

Njia ya pili: kutenganisha vikavu na kuviuza au kuvitoa

*Inagusa nini.* Chupa za plastiki, makopo ya alumini, katoni, chupa za kioo zenye dhamana. Kwa macho ndiyo njia inayoonyesha matokeo haraka, kwa sababu vitu hivi vinajaza nafasi kubwa: katoni moja ya bia isiyokunjwa inakula nafasi ya mifuko miwili. Makopo ya alumini ndiyo yenye bei nzuri, na kuyayeyusha upya kunaokoa takriban asilimia 95 ya nishati ambayo ingetumika kutengeneza alumini kutoka kwenye madini. Chupa za mvinyo hazina mteja wa uhakika, na karatasi za zawadi zenye kung'aa hakuna anayezichukua. Hizo zihesabieni gari.

*Nani anafanya.* Kila kaya inatenga kwake, na kuna watu mtaani ambao tayari wanaishi kwa kazi hii. Waokota chupa wanapita alfajiri na viroba vyao. Kwenye majengo mengi mlinzi anawafukuza, kisha chupa zilezile zinapanda gari la kwenda dampo. Zungumzeni na mmoja wao, mumpe siku na saa, mlinzi ajue jina lake, na vitu avikute kwenye kiroba safi badala ya kuchakura kwenye uchafu. Ni suala la heshima pia: mtu anayewapunguzia mzigo hastahili kuchomwa na kigae cha glasi kilichofichwa ndani ya mfuko wa makombo.

Katika kata ya Bonyokwa shirika la Nipe Fagio limefanya kazi na ushirika wa wakusanya taka wanaopita nyumba kwa nyumba na kupokea taka zilizokwishatenganishwa. Jambo moja kutoka kwenye mpangilio huo linafaa ghorofani bila kubadilisha chochote: kutenganisha kunafanyika jikoni. Taka zikishachanganyika kizimbani hakuna anayezirudisha nyuma, kwa kuwa katoni iliyoloa mchuzi imeshakosa mnunuzi.

*Nafasi na fedha.* Viroba vitatu au vinne chini ya ngazi, pembeni ya njia ya kutokea. Kuna mapato madogo. Kabla ya kuanza mkubaliane ni ya nani: ya mfuko wa jengo, ya mlinzi, au ya mwokotaji. Nimeona mipango mizuri ikivunjika kwa fedha ya chai, na kwa maoni yangu aachiwe anayefanya kazi.

*Joto na mvua.* Vikavu vinavumilia joto, lakini mvua inaharibu katoni. Chupa za soda zikiwekwa bila kusuuzwa zinaleta sisimizi na nyuki. Suuza kwa maji uliyooshea vyombo, binya chupa, kunja katoni, maliza.

*Inamfaa nani.* Karibu kila jengo, hata lile ambalo nusu ya watu wamesafiri, kwa sababu vikavu vinaweza kusubiri. Vikikaa wiki mbili kwenye kiroba havidhuru mtu. Ila asiitarajie kuondoa harufu aliyeichagua peke yake.

Njia ya tatu: mboji uani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia inayopendwa sana kwenye vikao na inayokatisha tamaa Januari.

*Inagusa nini.* Maganda mabichi ya matunda na mboga, majani ya chai, maganda ya mayai, pamoja na katoni zisizo na rangi nyingi. Haitaki nyama, samaki, mifupa wala chakula kilichopikwa chenye mafuta. Hivyo vinaita panya. Kokwa za embe zinakaa miezi mingi bila kuoza, na vifuu vya madafu zaidi, kwa hiyo viwekwe pembeni.

Uzuri wa Desemba ni kwamba sikukuu zenyewe zinaleta vyote viwili ambavyo mboji inahitaji. Maganda ni sehemu mbichi yenye naitrojeni, na katoni zilizochanwachanwa, baada ya kutoa selotepu, ni sehemu kavu yenye kaboni. Kipimo rahisi ni ndoo moja ya mbichi kwa ndoo mbili za kavu. Katoni zikipungua, fundi seremala yeyote ana maranda ya kugawa.

Sasa fanyeni hesabu kabla ya kununua mapipa. Tuseme jengo lina kaya 16, na kila kaya siku za sikukuu inatoa nusu ndoo ya lita 20 ya taka zinazooza kwa siku. Hizo ni ndoo 8. Tuseme nusu yake ni maganda yanayofaa kwa mboji, yaani ndoo 4, na zinataka ndoo 8 za kavu. Jumla ni lita 240 kila siku, na hata rundo likinywea hadi nusu, siku kumi zitajaza mapipa sita ya lita 200. Majengo machache ya Sinza au Upanga yana ua wa kuweka mapipa sita na mtu wa kuyageuza. Lakini kaya nne tu zikijitolea, mapipa mawili yanatosha kwa kipindi hichohicho. Ndiyo maana ninaamini mboji ya ghorofa ianze na kaya chache zinazoipenda, wengine wakiona matokeo watajiunga.

*Nani anafanya.* Lazima awepo mtu wa kugeuza rundo walau mara moja kwa wiki na kufunika maganda mapya kwa kavu kila siku. Akisafiri, awepo wa kushika nafasi aliyeonyeshwa kwa vitendo. Vipimo viwili vya mkono vinamtosha. Cha kwanza: achukue konzi ya mboji na kuikamua, yakitoka matone machache unyevu uko sawa, yakitiririka aongeze katoni. Cha pili: achomeke kipande cha nondo katikati ya rundo, asubiri dakika chache, akichomoe. Kikiwa cha moto, kazi inaendelea ndani. Kikiwa baridi na rundo linanuka, hewa haipiti, aligeuze.

*Nafasi na fedha.* Mapipa yaliyotobolewa matundu, yakakaa juu ya matofali, kwenye kivuli, mbali na tangi la maji na madirisha ya ghorofa ya chini. Gharama ni ya mwanzo tu.

*Joto na mvua.* Joto la Dar ni rafiki wa mboji. Ikigeuzwa vizuri inaiva kwa miezi miwili hadi mitatu. Mvua ya vuli ndiyo adui. Pipa lisilo na mfuniko likijaa maji linakata hewa na kunuka kwa siku mbili tu.

*Maandalizi.* Anzeni mwanzoni mwa Novemba, pipa la kwanza liwe limeshika moto kabla ya wageni kufika. Mboji iliyoiva itamaliza kiu ya maua ya jengo, na ikizidi, wauza miche wa kando ya barabara wanaipokea.

*Inamfaa nani.* Jengo lenye ua, mtunza bustani au mpangaji mstaafu anayependa mimea na ambaye hasafiri. Kama mboji inawavutia ila hamna ua, fahamuni kwamba inafanyika pia kwa kiwango kikubwa mjini: Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kinachopokea taka za masokoni.

Njia ya nne: ndoo ya mfugaji

*Inagusa nini.* Sehemu ile ambayo mboji inaikataa: ukoko, pilau, ugali, chapati, mboga zilizopikwa, pamoja na maganda mengi. Mfugaji wa nguruwe anachukua karibu vyote. Mfugaji wa kuku anachagua zaidi. Mfugaji wa funza lishe, wale wa nzi chuma wanaolishwa kuku na samaki, anachukua hata vilivyoanza kuchacha, na funza wake wanamaliza kazi kwa takriban wiki mbili. Ndoo ikiondoka kila asubuhi, kizimba kinabaki na taka nyepesi zisizonuka. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayoondoa harufu kwa haraka hivi.

*Nani anafanya.* Mfugaji au kijana wake wa pikipiki, au mwenye guta kama jengo ni kubwa. Kwa kuwa mifugo inakula hata siku ya Krismasi, mfugaji ana sababu yake mwenyewe ya kuja. Hapo ndipo njia hii inapoishinda mboji kwa majengo yanayobaki matupu. Lakini muulizeni waziwazi: tarehe 25 na Januari 1 nani atakuja, na asipokuja ndoo inakwenda wapi? Muwe na namba ya pili.

Wapangaji nao wanahitaji maelekezo mafupi yasiyobishaniwa. Ujumbe wa namna hii kwenye grupu unatosha: "Habari za jioni majirani. Kuanzia kesho ndoo ya kijani ni ya maganda na makombo tu. Tafadhali tusiweke mfupa, plastiki, tishu wala vijiti vya mishikaki. Kaka wa pikipiki anapita saa 12 asubuhi, kwa hiyo tushushe usiku na mfuniko ubane. Asanteni." Vijiti vya mishikaki nimevitaja kwa makusudi: kikimezwa na nguruwe kinaweza kumtoboa utumbo.

Usalama wa mifugo usichukuliwe kwa mzaha. Makombo ya nyama ya nguruwe yakiliwa mabichi na nguruwe yanaweza kusambaza homa ya nguruwe, ugonjwa usio na tiba unaofagia banda zima. Mfugaji achemshe makombo yote kwa nusu saa nzima, na kama hawezi, basi nyama isiingie kwenye ndoo yake. Maganda na kokwa za parachichi zina sumu kwa kuku. Vyakula vyenye ukungu, hasa mahindi na karanga, visipelekwe kwa mnyama yeyote kwa sababu ya sumukuvu.

*Nafasi na fedha.* Ndoo mbili au tatu zenye mifuniko ya kubana, moja ikiondoka nyingine inabaki. Wafugaji wengine hawadai kitu, wengine wanaomba mafuta ya pikipiki.

*Joto na mvua.* Mvua haidhuru ndoo iliyofunikwa. Joto linataka nidhamu: makombo ya mchana yasikae hadi kesho kutwa. Matumbo ya samaki na maganda ya kamba, ambayo mfugaji wenu anaweza kuyakataa, yafungwe na kuwekwa kwenye friza hadi siku ya gari. Nafasi inayochukuliwa ni ndogo mno ukilinganisha na uvundo unaoepukwa.

*Inamfaa nani.* Majengo ya pembezoni, Goba, Kimara, Kigamboni, Mbezi, ambako mabanda yako karibu. Katikati ya jiji umbali unamchosha mfugaji kwa ndoo chache. Hapo majengo mawili matatu yaungane ili safari imlipe. Na kuna majirani ambao kwa imani yao hawataki jikoni kwao kuhusishwe na nguruwe. Waulizeni mapema kwa adabu. Mfugaji wa kuku au wa funza lishe anaondoa shida hiyo yote.

Chagueni kwa hali yenu

Kama wengi wanasafiri na jengo linabaki na mlinzi na kaya chache, acheni mboji mwaka huu. Vikavu vikusanywe na kusubiri, ndoo moja ya mfugaji ipite kila siku, na kila anayesafiri amalize au agawe vilivyomo kwenye friji kabla ya kufunga mlango. Nyama iliyooza ndani ya friji iliyozimwa ni taka ya Januari itakayowasumbua mliobaki.

Kama jengo linapokea wageni kutoka mikoani na nje ya nchi, nguvu kubwa iende kwenye ununuzi wa pamoja na ndoo ya mfugaji. Wageni waonyeshwe ndoo siku ya kwanza, kama wanavyoonyeshwa bafu.

Jengo lenye ua na mtu wa bustani lianze mboji kwa kaya chache Novemba, na makombo yaliyopikwa yaende kwa mfugaji. Njia hizi mbili zinakamilishana vizuri: kile ambacho moja inakikataa, nyingine inakipokea.

Jengo la Kariakoo au Upanga lisilo na ua hata wa kuanika nguo litegemee vikavu na kreti za vioo, kisha kamati imwombe mkandarasi wa taka ratiba ya sikukuu kwa maandishi, mapema, na ibandikwe kwenye ngazi. Kama gari halitakuja tarehe 25, watu wajue tangu tarehe 20 ili wapangilie friza zao.

Kwa wasomaji wa Nairobi na Mombasa, vigezo ni vilevile, isipokuwa kwenu kutenganisha ni wajibu: sheria ya Kenya ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Caretaker wa ploti akiweka mapipa mawili, amefanya kinachodaiwa na sheria na amerahisisha njia ya pili na ya nne kwa pamoja.

Na kama unasoma haya ikiwa tayari ni Desemba 20 na kikao hakijafanyika, usisubiri kikao. Leo nunua ndoo mbili zenye mifuniko na viroba vitatu, mwombe mlinzi akukutanishe na mwokota chupa anayepita alfajiri, tuma ule ujumbe kwenye grupu, kisha piga simu kwa mfugaji yeyote anayefahamika mtaani. Asipopatikana wa kila siku, hata wa mara tatu kwa wiki anatosha, mradi siku zake zimepishana na za gari.